Chenga si utapeli: tunachokosea kuhusu hila katika futiboli ya vyuo vya Marekani

Jumamosi ya Septemba 20, 2025, mjini Norman, Oklahoma, mpokeaji wa Chuo Kikuu cha Oklahoma aitwaye Isaiah Sategna aligeuka na kuelekea benchi kama mchezaji aliyeitwa kutoka. Alijikokota mwili umelegea, wakati ambapo timu zilikuwa zikibadilisha wachezaji. Lakini hakutoka. Alisimama ndani ya uwanja, karibu kabisa na mstari wa pembeni, na mabeki wa timu pinzani, Auburn, hawakuwa na habari naye tena. Mpira ulipoanzishwa alichomoka mbio, John Mateer, mrushaji wa Oklahoma, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akampelekea mpira akiwa peke yake, na Oklahoma wakapata tachidauni, bao kuu la mchezo huu, ya yadi 24. Mechi iliisha 24 kwa 17. Baadaye ligi ya SEC, ambayo timu zote mbili ni wanachama wake, ilikiri kwamba bao lile halikustahili, na kwamba waamuzi walipaswa kuitoza Oklahoma yadi 15 kwa mchezo usio wa kiungwana. Matokeo hayakubadilika.

Mabishano yaliyofuata hayajaisha, na kwa maoni yangu yanakwenda kombo. Upande mmoja wanasema futiboli ni mchezo wa nguvu, na hila zote za namna hii ni aibu. Upande wa pili wanasema mchezo wenyewe ni wa kudanganyana tangu zamani, kwa hiyo Auburn walilala na aliyelala hana wa kumlaumu. Pande zote mbili zinaiweka hila katika kapu moja, kisha zinabishana kapu litupwe au libaki. Mimi nasema kuna makapu mawili, na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna majina yake tayari. Kuna chenga na kuna utapeli. Chenga ni kumwonesha mpinzani kitu halafu ukafanya kingine, naye akiwa na macho yake na haki yake yote ya kukukamata. Utapeli ni kutumia ile imani ambayo kanuni zenyewe zimemwamuru awe nayo. Futiboli ya vyuo imejengwa juu ya chenga, wala haitaweza kuwepo bila chenga. Utapeli ndio unaopaswa kufukuzwa, na sharti ufukuzwe kwa ukali zaidi ya sasa, kwa sababu chenga ndiyo inayoponzwa nao.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, inabidi nieleze kwa nini nasema mchezo huu umejengwa juu ya chenga. Kwenye soka mpira haupoi. Chenga hutokea mguuni mwa mtu mmoja, mara nyingi kwa kipaji chake na kwa sekunde ile ile. Kwenye futiboli ya Marekani kila mchezo, yaani kila shambulizi moja fupi, unaanza kutoka kwenye utulivu. Kabla mpira haujaanzishwa, washambuliaji wote 11 lazima watulie sekunde 1 nzima, kisha anaruhusiwa mmoja tu kutembea, naye haruhusiwi kwenda mbele. Wale 5 wa katikati ya mstari hawaruhusiwi kupokea pasi. Walinzi hawana vifungo hivyo. Wanaweza kuzunguka, kusogea, kurudi nyuma, kujazana upande mmoja, almradi wasivuke mstari unaozitenganisha timu mbili. Kanuni zimewafunga washambuliaji mikono na miguu, zikawaachia mali moja tu: wao wanajua mpira unakwenda wapi na utaondoka lini, na walinzi hawajui. Ukiwanyima siri hiyo hakuna timu itakayosogea hata yadi 3. Ndiyo maana kazi ya kocha wa mashambulizi, siku zote za wiki, ni kuilinda siri hiyo kwa nusu sekunde zaidi.

Jambo hili nililielewa sebuleni. Mpwa wangu anacheza katika timu ya sekondari hapa Ohio, katika mstari wa mbele, nafasi ambayo jina lake halitangazwi kwenye redio hata siku moja. Jioni moja alipiga magoti kwenye zulia, akainama kama anavyoinama uwanjani, akaweka vidole 3 chini. "Mjomba, tazama kucha zangu," akasema. Nikatazama. Kucha zilikuwa zimebadilika, zimekuwa nyeupe, damu imezikimbia. "Hapa nataka kwenda mbele, uzito wote uko mkononi. Sasa tazama tena." Akarudisha kiuno nyuma kidogo, na kucha zikarudi rangi yake. "Hapa nataka kuvutika kwenda pembeni. Mlinzi mwenye akili anazisoma kucha zangu kabla mpira haujatoka." Kocha wake humrudisha kwenye mkao ule ule mara 50 kwa siku, mpaka vidole vibebe uzito uleule, mchezo uwe wa kukimbia, wa kupasia au wa kuvutika. Kwenye televisheni tunamwona mrushaji akijifanya anagawa mpira na tunamsifu kwa ujanja. Lakini mlinzi wa katikati hamtazami mrushaji kwanza. Anawatazama wale wanene wa mbele: vichwa vikishuka, ni mbio, vikiinuka, ni pasi. Chenga inatengenezwa na kijana aliyefunza vidole vyake visiseme kitu.

Ukishaliona hilo, hata historia ya mchezo inasomeka upya. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Texas, chini ya kocha Darrell Royal na msaidizi wake Emory Bellard, kilianza kutumia mpangilio wa uma, yule mrushaji akiwa na wakimbiaji 3 nyuma yake. Kila mchezo ulikuwa na majibu 3: mpe wa kwanza, kimbia mwenyewe, au mrushie wa pembeni. Mlinzi mmoja aliachwa makusudi bila kuguswa, na chochote atakachofanya ndicho kilichomponza. Akimfuata mkimbiaji, mrushaji anaondoka na mpira. Akimngojea mrushaji, mkimbiaji amepita. Texas walishinda mechi 30 mfululizo. Oklahoma ya kocha Barry Switzer iliuchukua mpangilio huo na kupata nao ubingwa wa taifa mwaka 1974, 1975 na 1985. Mapema miaka ya 1990, katika chuo kidogo cha Glenville State huko West Virginia, kocha Rich Rodriguez alilifanyia kazi wazo lilelile mrushaji akiwa amesimama nyuma, mbali na mstari, na leo karibu kila timu ya chuo inacheza watoto na wajukuu wa wazo hilo. Siku hizi mrushaji anaweza kumtazama mlinzi mmoja kisha akaamua agawe mpira au apasie, huku wale wa mbele wakisukuma kana kwamba ni mbio tu. Wao hawadanganyi; kwao ni mbio kweli. Kanuni za vyuo zinawaruhusu kusogea hadi yadi 3 mbele ya mstari kwenye pasi, wakati kwenye ligi ya kulipwa ya NFL ni yadi 1, na hizo yadi 2 za tofauti zimezaa nusu ya ubunifu wa vyuo wa miaka 15 iliyopita. Mlinzi hajaambiwa uongo wowote. Ameulizwa swali ambalo majibu yake yote ni makosa.

Mfano ambao kila mtu anautaja ni Fiesta Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, ya Januari 1, 2007, jijini Glendale, Arizona, na mimi pia nitautaja, kwa sababu unasimuliwa vibaya. Boise State, timu kutoka Idaho ambayo wakubwa waliiona ya mashambani, ilikutana na Oklahoma ya Bob Stoops. Boise waliongoza 28 kwa 10, wakafikiwa, kisha ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde chache mrushaji wao Jared Zabransky akapoteza pasi iliyorudishwa kuwa bao: 35 kwa 28. Ikafika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wanahitaji yadi 18, zimebaki sekunde 18. Zabransky akampa pasi fupi Drisan James, mabeki wakamvamia, naye akamwachia mpira Jerard Rabb aliyekuwa akipita kwa kasi upande wa pili. Bao. Katika muda wa nyongeza Adrian Peterson wa Oklahoma alikimbia yadi 25 mara ya kwanza tu alipoguswa na mpira. Boise nao wakafunga kwa pasi iliyotupwa na mtu ambaye si mrushaji, Vinny Perretta. Kisha kocha Chris Petersen, akiwa katika mwaka wake wa kwanza wa ukocha mkuu, akakataa kusawazisha kwa pigo la mguu la pointi 1 na kuamuru jaribio la pointi 2, la kushinda au kushindwa papo hapo.

Hapo ndipo uangalie polepole. Zabransky anapokea mpira, anarudi nyuma, anainua mkono wa kulia na kurusha kwa nguvu upande wa kulia, ambako wapokeaji 3 wamejipanga. Walinzi wanafuata mkono. Mkono ni mtupu. Mpira uko kwenye mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo wake, umetulia kama sahani ya mhudumu, na Ian Johnson anapita, anauchukua, anatembea nao kushoto hadi ndani. 43 kwa 42. Tangu siku hiyo watu husema Boise walishinda kwa mazingaombwe, na hapo ndipo ninapopinga. Mchezo huo unaitwa Sanamu ya Uhuru, na ni wa kizamani kabisa. Oklahoma walikuwa wanaujua. Walioteleza waliteleza kwa sababu jioni nzima pasi zile za haraka zilikuwa pasi kweli, na zilikuwa zimewaumiza. Mkono mtupu ulisadikiwa kwa kuwa mkono uliojaa ulikuwa umetangulia mara nyingi. Tena kila kitu kilikuwa mbele ya macho: mpira ulikuwepo, mgongoni, ukionekana na yeyote aliyesimama upande wake. Ndiyo chenga kwa maana kamili.

Wapo wanaosema hila ni silaha ya mnyonge, na mwenye nguvu anayeitumia amejishusha. Hoja hii ina mvuto, na mfano wa Boise unaipa nguvu. Lakini rekodi haiiungi mkono. Uwanja uleule wa Glendale, Januari 11, 2016, Alabama ya Nick Saban, timu iliyokuwa na vipaji kuliko karibu wote, ilikuwa 24 kwa 24 na Clemson kwenye fainali ya taifa. Makocha walikuwa wameona kwamba wachezaji wa Clemson wa kupokea mpira wa kuanzia wanajibana katikati na kuacha upande mmoja wazi. Adam Griffith akaupiga mpira juu kidogo kuelekea kwenye ule uwazi, mwenzake Marlon Humphrey akaudaka, Alabama wakabaki na mpira, na Saban, mtu asiyecheka ovyo, akaonekana anatabasamu. Alabama walishinda 45 kwa 40. Nebraska ya Tom Osborne iliingia Orange Bowl ya Januari 2, 1984 bila kufungwa na ikiwa ya kwanza nchini, na ni wao waliouacha mpira chini kwa makusudi ili Dean Steinkuhler, mmoja wa wale wanene wa mstari wa mbele, auokote na kukimbia nao yadi 19 hadi langoni. Walipoteza 31 kwa 30 dhidi ya Miami, kwa sababu nyingine. Timu kubwa zinatumia chenga kwa sababu ileile ya timu ndogo: walinzi wazuri husoma haraka, na njia pekee ya kumchelewesha msomaji hodari ni kumpa ukurasa wenye maana mbili.

Ila kuna historia ya zamani zaidi, na ndiyo iliyonifanya nianze kufikiri juu ya makapu mawili. Oktoba 31, 1903, huko Massachusetts, timu ya Shule ya Carlisle ilicheza na Harvard. Carlisle ilikuwa shule ya bweni huko Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1879 na afisa wa jeshi Richard Henry Pratt ili kuwatenga watoto wa Wenyeji wa Amerika na lugha zao, dini zao na wazazi wao. Vijana hao walikuwa wepesi kwa uzito, na kocha wao Pop Warner aliwajengea mchezo wa kasi na hila. Mwanzoni mwa kipindi cha pili waliupokea mpira, wakajikusanya duara, na ndani ya duara mpira ukaingizwa mgongoni mwa Charlie Dillon, chini ya fulana iliyoshonewa lastiki kwenye kiuno. Duara likasambaratika, kila mmoja akikimbia kama aliyebeba kitu tumboni. Harvard wakawarukia wote isipokuwa Dillon. Alivuka uwanja mzima, akafunga. Harvard walishinda mwishoni, 12 kwa 11, na magazeti yakalizungumzia bao lile kwa miaka.

Siwezi kuisoma habari hiyo bila moyo kunielemea. Watoto ambao mikataba ya mababu zao ilivunjwa mmoja baada ya mwingine, wamevishwa jezi, na bado wao ndio wanaoitwa wadanganyifu. Nawaheshimu, na naamini bila Carlisle futiboli isingeijua pasi ya kwenda mbele mapema kiasi kile. Pasi iliruhusiwa mwaka 1906, na Carlisle ya 1907 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia kama silaha halisi, si kama bahati nasibu. Hata hivyo nakubaliana na waliokuja kuandika kanuni. Mpira ulio chini ya fulana hauonekani na mtu yeyote, aangalie kwa bidii kiasi gani. Mlinzi wa Harvard hakushindwa kusoma. Hakukuwa na cha kusoma. Leo kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zina kifungu kuhusu mbinu zisizo za haki, na aya yake ya kwanza inakataza kuficha mpira ndani au chini ya mavazi. Aya inayofuata, palepale, inakataza kujifanya unabadilisha wachezaji ili kumchanganya mpinzani. Carlisle ya 1903 na Oklahoma ya 2025 zinalala kwenye kifungu kimoja, na watu wanaobishana kuhusu Sategna kana kwamba ni jambo jipya wangeanzia hapo.

Kwa nini kubadilisha wachezaji kumelindwa kiasi hicho? Kwa sababu katika mchezo huu wachezaji huingia na kutoka makumi ya mara kwa mechi, na walinzi wana sekunde chache tu za kujipanga. Kanuni zinawataka waamini kwamba anayetoka anatoka. Bila imani hiyo beki angelazimika kumsindikiza kila anayekwenda benchi hadi aketi, na mchezo usingechezeka. Sategna hakumshinda beki kwa mwendo wala kwa macho. Aliichukua imani ambayo beki alikuwa analazimika kuitoa.

Ukishika kipimo hicho, kesi nyingine zinajipanga zenyewe. Desemba 4, 2021, kwenye fainali ya ligi ya ACC, mrushaji wa Pittsburgh Kenny Pickett alikuwa anakimbia na mpira, akaanza kama anateleza chini, mabeki wa Wake Forest wakajizuia, naye akainuka na kwenda yadi 58 hadi langoni. Pittsburgh walishinda 45 kwa 21. Kuteleza ni ishara ya kujisalimisha. Mlinzi anayemgonga mrushaji aliyeteleza anaadhibiwa. Pickett alitumia ngao aliyopewa kwa ajili ya usalama wake kama panga. Siku chache baadaye NCAA ilielekeza kwamba mchezaji akianza tu kuteleza, au kujifanya anateleza, mchezo umekwisha hapo hapo. Utapeli, na ulishughulikiwa vizuri.

Linganisha na Septemba 15, 2018, North Texas wakiwa ugenini Arkansas. Mpira wa kuondoshwa kwa mguu unashuka, Keegan Brewer anaudaka na kusimama tuli, hatingishiki, kana kwamba ameomba adake kwa amani, yaani bila kugongwa. Wachezaji wa Arkansas wanalegea mbele yake. Kisha anaondoka, yadi 90, bao, na North Texas wanashinda 44 kwa 17. Wengi wanaufananisha na ule wa Pickett. Haufanani hata kidogo. Kuomba amani kuna ishara yake, mkono juu unaopungwa, na Brewer hakuinua mkono. Kanuni hazikumwambia mtu yeyote wa Arkansas aamini kwamba mtu aliyesimama amejisalimisha. Walidhani tu. Kusimama kwake kulikuwa chenga, pengine chenga bora kuliko zote nilizoziona, maana aliuza mwili wake kwa kutofanya lolote.

Oktoba 12, 2024, Oregon waliongoza Ohio State 32 kwa 31 zikiwa zimebaki sekunde 10. Oregon wakaweka walinzi 12 uwanjani. Pasi ya Ohio State haikudakwa, Oregon wakatozwa yadi 5 tu, na sekunde 4 zikawa zimekwenda. Mchezo uliofuata mrushaji wa Ohio State, Will Howard, akakimbia, akateleza, saa ikaisha. Kocha wa Oregon, Dan Lanning, alidokeza baadaye kuwa hali hiyo walikuwa wameifanyia kazi. Mimi naishi Columbus, jiji la Ohio State, na jirani zangu waliumia. Lakini nawaambia kuwa hiyo haikuwa hila hata kidogo. Ilikuwa hesabu: kuvunja kanuni kwa sababu adhabu ni nafuu kuliko faida. Siku chache baadaye NCAA ilitoa mwongozo, ulioingizwa kwenye kanuni mwaka 2025, kwamba dakika 2 za mwisho za kila kipindi, timu iliyochezewa hivyo inaweza kudai saa irudishwe. Na walinzi waliokuwa wanajiangusha wakijifanya wameumia ili kupoza timu inayocheza haraka nao wamebanwa mwaka huohuo: daktari akiingia baada ya mpira kuwekwa tayari, timu inakatwa muda wake wa mapumziko. Kujifanya umeumia ndio utapeli mchafu kupita wote, maana unamfundisha mtazamaji kumzomea kijana aliyelala chini.

Hoja dhaifu kabisa kwenye mjadala huu ni ile ya "kama hamtaki Sategna, basi futeni na Sanamu ya Uhuru". Wanaoisema wanadhani wanashika uthabiti. Kwa mantiki hiyo muuzaji anayekupandishia bei ukiwa unaangalia, ukapatana naye ukashindwa, ni sawa na aliyechezea mizani. Kila mtu aliyewahi kununua samaki feri anajua tofauti. Kupatana ni mchezo unaokubalika na unaweza kuukataa. Mizani ndiyo kitu ambacho wote wawili mmekubali kukiamini ili kupatana kuwezekane. Futiboli nayo ina mizani yake: anayetoka ametoka, anayeteleza amejisalimisha, anayelala ameumia, mpira uko mahali unapoweza kuonekana. Ndani ya hayo cheza utakavyo.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na siwezi kuipuuza. Makocha waaminifu wanauliza: nani atapima nia? Mchezaji aliyechoka anayetembea kuelekea benchi kisha akaitwa arudi, je, ametapeli? Mwamuzi mwenye watu 22 machoni atajuaje? Kweli, kanuni zinazotegemea nia huzaa uonevu. Lakini suala la Pickett limeonesha njia: usipime nia, pima tendo. Ukianza kuteleza, mchezo umekwisha, hata kama goti lilikuchengea. Tatizo ni pale wenye mamlaka wanapokwenda mbali na kupiga marufuku chenga halali kwa kuwa ni ngumu kusimamia. Ule mchezo wa Nebraska wa kuacha mpira chini ulifutwa miaka ya 1990, na hapo nadhani walikosea. Mpira ulikuwa nyasini, unaonekana, na mlinzi aliyeinama angeweza kuuokota na kuondoka nao. Vivyo hivyo mabadiliko ya 2022 yaliyobana kuzuia mtu chini ya kiuno. Yaliletwa kwa ajili ya magoti ya wachezaji, na magoti ni muhimu, lakini yaliziumiza zaidi timu za mbio zenye majibu 3, ambazo hazina miili mikubwa ya kusukumana kifua kwa kifua.

Hilo linanifikisha kwenye kinachonitia hofu. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Wachezaji walistahili fedha hizo miaka mingi iliyopita, na sina la kupinga. Matokeo yake lakini ni kwamba vijana wenye kasi na miili wanakusanyika mahali pachache kuliko zamani. Timu isiyo na fedha itabaki na nini? Tazama vyuo vya kijeshi, ambavyo havilipi wachezaji na ambavyo wahitimu wake wanakwenda jeshini. Mwaka 2024 Army, chuo cha jeshi la nchi kavu, walicheza mchezo wao wa mbio na kuficha mpira, wakatwaa ubingwa wa ligi yao mwaka wa kwanza tu wa kujiunga, na kumaliza na ushindi 12 na vipigo 2. Kimoja cha vipigo hivyo walikipata kwa Navy, chuo cha jeshi la majini, Desemba 14, 31 kwa 13, mechi ambayo Navy walijifanya wanaondosha mpira kwa mguu, kumbe wameuanzisha kwa Landon Robinson, mlinzi wa katikati, kijana mnene ambaye kazi yake ni kuziba njia. Alikimbia yadi 29, na wenzake benchini wakaruka kama watoto. Mchezo wa namna hiyo hauuzwi. Unajengwa na wiki za mazoezi na kocha anayewajua vijana wake, na ndio mlango wa mwisho uliobaki wazi kwa timu za namna hiyo.

Kila tukio kama la Norman linapoachwa, mlango huo unasogezwa. Mashabiki wanachoka, wakubwa wa ligi wanaona aibu, na kamati ya kanuni inashawishika kufuta kwa jembe badala ya kuchomoa kwa kidole. Kinachohitajika ni kidogo. Wapewe waamuzi wa video mamlaka ya kulipitia bao lolote lililofungwa na mchezaji aliyekuwa akielekea benchi kabla mpira haujaanzishwa, na tendo lenyewe litajwe bila kutaja nia: mchezaji aliyegeukia benchi wakati wa kubadilishana haruhusiwi kupokea pasi mpaka arudi kuungana na wenzake katikati ya uwanja. Picha za Septemba 20 zilionesha hilo waziwazi, na ligi ililiona ilipozitazama, mechi ikiwa imeshaisha. Video ileile ingetazamwa dakika ileile, bao lingefutwa, Oklahoma wangerudishwa yadi 15, na Mateer angelazimika kutafuta njia ya kuwapiga Auburn chenga wakiwa wanamtazama.